Moto wa Lambo Umezimika

Jumapili, Oktoba 1995. Joto tangu asubuhi. Mawingu yamekuja, yakaondoka. Madaftari ya wanafunzi yako mezani na sina nguvu ya kuyasahihisha.

Leo nimelifukia lile shimo.

Lilikuwa nyuma ya jiko la Mama Kabula, jirani yangu hapa kijijini, si mbali na Bulyanhulu. Moshi umemharibu kifua. Kule misheni ya Ushirombo walimwambia aache kupikia kuni, kana kwamba ana kitu kingine cha kupikia. Mimi nafundisha kemia. Niliona aibu kumsikia akikohoa ng'ambo ya ua kila siku nami nimekaa tu.

Gesi ya kupikia itokanayo na samadi nilishaijua, lakini ng'ombe wake walikwisha kwa ukame. Kilichobaki ni lambo, bwawa letu la maji ya mvua, nalo lilikuwa limejaa utando wa kijani, ule mwani mdogo ambao macho hayauoni mmojammoja. Nikawaza: vijidudu vinavyoozesha samadi mahali pasipo hewa vitashindwaje kuozesha mwani? Tukachimba, tukasakafia, tukafunika kwa pipa lililopinduliwa. Niliomba samadi kidogo kwa majirani iwe mbegu ya vijidudu, kisha tukawa tunachuja mwani kwa kipande cha khanga na kuvilisha.

Gesi ikajaa, pipa likainuka. Mama Kabula akapika ugali kwa moto wa buluu, akakaa pembeni akiutazama.

"Leo sijatoa machozi," alisema.

Sijui kama nitawahi kufurahi tena namna ile.

Kisha pipa likashuka. Nilidhani nimevishibisha vijidudu mno, maana mwani ukioza hutoa amonia, na amonia ikizidi huviua. Nikapunguza chakula, nikachanganya na mabua ya mahindi. Wapi. Nikaanza upya kwa samadi tupu, gesi ikarudi. Nikarudisha mwani wa lambo, ikafa.

Ndipo jana nikalizunguka lambo hadi upande wa juu. Wachimbaji wadogo wamehamia huko kuosha mchanga wa dhahabu, na maji yao yenye sumu ya zebaki, ile ya kunasia dhahabu, yanateremkia humo humo. Mmoja wao alikuwa ameinamia karai, anakoroga zebaki kwa mkono mtupu. Alikuwa Masanja, mtoto wa mwisho wa Mama Kabula.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikamweleza zebaki inafanya nini ndani ya maji. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Mwalimu, nikiondoka mimi, mwingine atakaa hapa leo hii. Na mama atakula nini?"

Nikampitia mwenyekiti wa kijiji. Akatabasamu, akaniuliza habari za shule. Baadaye nikakumbuka kuwa naye ana mashimo yake ya dhahabu huko. Sina kifaa cha kupimia maji. Sina ushahidi wowote ila vijidudu vilivyokufa, na nani atavililia?

Leo baada ya ibada nikamwambia Mama Kabula.

"Vimeuawa na maji hayo?"

"Nadhani hivyo, mama."

"Ndiyo tunayokunywa."

"Ndiyo."

"Na Masanja yumo?"

"Yumo."

Visima vimekauka, na mpaka mvua inyeshe hakuna maji mengine. Hilo analijua kuliko mimi. Akaniambia tu nilifukie shimo, kuku wasije wakatumbukia.

Nilipokuwa nafukia nilimsikia akivunja kuni, kisha kikohozi, kile kile. Alichemsha uji kwa maji ya lambo. Akaniletea kikombe cha kwanza, amekishika kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kujaribu.

Nilikunywa wote.

Sijui ilikuwa heshima au woga. Kesho nina kipindi cha kwanza, na ninavyokumbuka mada ni maji. Nitaanza kuwaambia nini?