Mdomo Unaotangulia Mkono

Alhamisi, saa nne usiku. Baridi ya Julai imeingia hadi kwa mifupa, na hapa Umoja, Nairobi, jua hatukuliona siku nzima.

Nimechoka. Sio ule uchovu wa kulala ukaisha. Nimechoka na uso wangu mwenyewe.

Mwalimu wangu wa dansi, mama wa Kihindi anayetufundisha dansi yao ya zamani kule Ngara, amenipa hadi kesho. Jumamosi tunacheza mbele ya watu, na kwa mara ya kwanza nimepewa kipande changu peke yangu: mama anamwita mtoto aache mchezo aje kula. Hakuna kusema neno. Ni mikono, macho na nyusi tu. Miaka yote nimekuwa mstari wa nyuma. Kesho nikikosea tena, kipande anapewa msichana mwingine, nami narudi nyuma.

Na kinachonikosesha ni mdomo. Mdomo, jamani!

Mikono haina shida. Ishara ya kula ni vidole vitano kukutana nchani, na mtu aliyelelewa kwa ugali hafundishwi hiyo. Lakini nikifika pale pa kumwonyesha mtoto sahani iko wapi, mkono unaenda vizuri, halafu mdomo unachomoka mbele kuonyesha sahani. Wenzangu wanavunjika mbavu. Mwalimu hacheki. Anasema hapa kitu huonyeshwa kwa mkono, na jicho huufuata mkono. Mdomo hauna kazi.

Sasa nifanye nini? Huku kwetu nani anahangaika na kidole? Nauza kwa duka la hardware, na mikono imejaa siku nzima. Mtu akiuliza misumari iko wapi, namwonyesha kwa mdomo, na anaipata. Leo nimeshinda nikiuma kijiti cha meno nijizuie. Fundi mmoja akaniuliza, "Siz, jino linakusumbua?" Kabla ya chakula cha mchana kijiti kilikuwa chini, nami namwonyesha mteja kwa mdomo rangi ziko wapi. Mazoea yana taabu.

Nyumbani nako hakuna pa kupumzikia. Mama hajanisemesha tangu Jumapili, alipoona video ya mazoezi yetu, nikiinama kugusa sakafu kabla ya kuanza. Nilimweleza kwamba tunaiomba ardhi msamaha kwa sababu tutaikanyaga kwa nguvu. Akasema yeye msamaha huuomba juu, sio chini. Akafunga mlango wake. Simlaumu, ni mtu wa kanisa tangu akiwa kwao Bungoma. Lakini inauma. Nilitaka aje Jumamosi, anione nikiwa mbele.

Leo jioni nilimkuta jikoni. Salamu akaitikia kwa kichwa. Nikasimama mbele ya kioo cha sebuleni nikaanza kurudia. Mkono. Sahani. Mdomo ukachomoka. Nikarudia, ukachomoka tena. Nikakaa kwa kiti nikataka kulia.

"Huyo mtoto atakimbia."

Mama, mlangoni, mwiko mkononi.

"Unamwita ni kama wewe ni kanjo anayefukuza wachuuzi," akasema. "Kwani hujawahi kuitwa?"

Akanitazama. Macho yake yalitulia kwangu mpaka nikajihisi mdogo. Kisha yakahama polepole kwenda mezani, kwenye hotpoti ya ugali, na yangu yakayafuata bila kuambiwa. Mwisho kabisa ndio mdomo ukasogea kidogo, na wala haukuhitajika. Nilikuwa nishajua nimeitwa kula.

"Kwanza umuangalie, Nafula. Hiyo sahani haiendi popote." Akageuka. "Na sijasema nitakuja kuona hayo mambo yenu."

Nimekula ugali na mrenda. Nimelia kidogo nikila, na sijui kama ni uchovu ama ni kusikia akiniita jina.

Nimerudi kwa kioo. Nimemtazama mtoto kwanza. Mdomo bado unataka kuchomoka, lakini umechelewa, na ukichelewa unaonekana kama tabasamu. Labda mwalimu atakubali. Labda hatakubali. Nimechoka mno kubahatisha.

Mama ameshaenda kulala. Mlango wake leo hakuufunga, ameuegesha tu.

Mtoto sasa najua kumwita. Mama je, nitamwita vipi?