Kola Ziko Upande wa Pili

Chumba cha Tatu,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa mdogo wangu Mrefu,

Salamu tele zikufikie huko kwenye baridi yako. Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama pikipiki mbovu? Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua, lakini mdomo hauna maradhi, na kila jirani anayepita huambiwa kwamba mwanawe anafanya kazi ng'ambo. Hasemi ni kazi ya kuosha sahani, nami simsahihishi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kwanza nilicheka, kisha nikakasirika. Unaniambia tuwatimue wale wanawake wageni kwenye karakana yetu ya kushona kwa kuwa wametunyang'anya kazi. Wewe, Mrefu, uliyekwenda nchi ya watu bila hata koti! Kweli nyani haoni kundule.

Ila sitakuficha kitu. Walipokuja, mambo yaliharibika. Bosi aliwaweka wale wanawake kwenye chumba kilichokuwa stoo, akatoboa kidirisha ukutani. Sisi wenyeji tunakata kitambaa na kuunga mabega na mikono, shati la shule linapita kidirishani, wao wanatia kola na vifungo. Mlango wao uko uani, na saa yao ya kula si yetu. Tukawajua kwa vidole tu. Wenzetu waliokuwa wakishona kola walirudishwa nyumbani. Mama Mapacha, jirani yangu wa cherehani, sasa anauza maji barabarani. Nakwambia wazi, nilikichukia kila kidole kilichotokeza pale.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa siku ya kwanza, tena bila mpini.

Juma lililopita bosi alitukusanya. Akasema wa chumba cha pili wanapokea nusu ya malipo yetu na hawanung'uniki, kwa hiyo kuanzia Jumatatu asiyetaka nusu hiyo aache cherehani. Kodi ya chumba hiki ni mimi, dawa ya goti ni mimi. Wengine walilia, wengine wakataka twende tukawatoe wale wanawake kwa nguvu. Mimi nilibeba kigoda changu, nikazunguka uani, nikaingia kwao na kuketi.

Wote waliacha kushona. Mmoja wao, mwanamke wa makamo mwenye tepu ya kupimia shingoni, akaniuliza kwa lafudhi ya kwao, "Umekuja kutufukuza?"

"Nimekuja kuuliza," nikamjibu. "Mnakubalije nusu ya malipo yetu, dada?"

"Nusu?" Akawageukia wenzake, akawaeleza kwa lugha yao. Kisha akaniambia, "Bosi alisema mnalipwa kama sisi. Alisema tukidai zaidi, ninyi mko tayari kuchukua na hizi kola."

Mdogo wangu, damu ilinichemka! Kumbe mtu mmoja alikuwa akitutisha sisi kwa wao, na wao kwa sisi, na tofauti anaitia mfukoni. Kikulacho ki nguoni mwako. Sikuanza kuwapenda papo hapo, usidhani nimekuwa malaika. Yule wa tepu ana ubishi kuliko Mama. Lakini hasira yangu ilimpata mwenyewe, yaani bosi.

Niliwaeleza wenzangu, tukakubaliana na wale kugoma pamoja, na Jumatatu ilipofika hakuna aliyegusa cherehani, huku wala kule. Bosi aliligawa shati ili tusijuane, sasa hana wa kulimaliza, na shule zinakaribia kufunguliwa. Tunakaa langoni, vigoda vyetu na vyao. Tunataka vyumba vyote vilipwe sawa, kwa kile kiwango chetu cha mwanzo, na walioachishwa warudi. Kila anayekuja kuomba nafasi zetu tunamwambia kwanza atakacholipwa. Wengi wanageuka na kurudi. Bosi ametutishia polisi, ametutishia kufunga karakana. Huenda nikaikosa kazi hii, na usiku nikikumbuka kodi nahofu. Lakini nusu siichukui, na wale wanawake siwatimui!

Usinitumie hela. Wewe mwenyewe nguo zinakuning'inia, kwa ile picha uliyoleta.

Shangazi anakusalimu, na mumewe fundi viatu pia. Nawe msalimu shemeji yangu, na umbusu mtoto mashavu yote mawili. Mungu akulinde safarini na kitandani, na jasho lako lisiliwe na mwingine.

Ila nina ombi moja, na wala si la hela. Ukiipata barua hii, kesho yake ukifika jikoni, mtafute yule mwenyeji unayesema anakutazama kwa jicho baya. Muulize analipwa kiasi gani, nawe umtajie chako bila kupunguza. Muwahi kabla bosi wenu hajamsimulia habari zako.

Dada yako akupendaye, asiyetishika,
Mkasi