Jina la Mto Wetu Mbele ya Magari

Chongqing, 4 Aprili 1998

Na tena, Mama, sikumaliza kumsifu! Barua ya juzi niliikatiza pale mume wangu Shaobin anapoimba akiosha teksi yake. Shikamoo. Sisi wazima, hofu ni kwako na mgongo wako.

Mji huu kwa kifupi huitwa Yu, na herufi hiyo inatangulia kwenye namba ya kila gari. Jana nikamwuliza Shaobin maana yake. Akacheka: "Mtoto wa Langzhong, hujui? Yu ni jina la kale la Jialing, mto wenu!" Mama, nilitaka kumkumbatia kila dereva! Mto unaopita nyuma ya jiko letu, huku wameubandika hadi kwenye malori!

Ila neno moja linanichoma. Mama mkwe amesikia kwamba gari la harusi lilipoondoka hukumwaga beseni la maji nyuma yangu, kama desturi ilivyo. "Mama asiyemwaga," asema, "anamngoja binti arudi na mizigo yake. Huyu hapa ni mgeni tu." Kwa nini hukumwaga?

Binti yako,
Lanrong

Langzhong, 22 Aprili 1998

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma nikiinama, basi siinami. Nimechelewa kujibu kwa sababu nililia kwanza.

Wanasema binti aliyeolewa ni maji yaliyomwagwa. Nikumwage uani, kuku wakukanyage? Beseni nililijaza maji. Mlipopotea kwenye kona nikateremka nalo hadi mtoni, nikayamimina humo. Shangazi yako akapiga kelele, "Wewe, umerukwa na akili?" Jina la Yu sikulijua. Nilijua tu maji yale yanakwenda kwako. Mwambie mama mkwe wako: nilimwaga.

Mama yako

Chongqing, 3 Mei 1998

Mama yangu wa dhahabu,

Shikamoo, na mgongo pole! Barua yako niliisoma kwa sauti mezani, sufuria ya pilipili ikitokota. Mama mkwe akaweka vijiti vya kulia chini, akafuta macho. "Kumbe alikutangulizia maji hadi mlangoni kwetu! Mwanamke huyo lazima nimwone."

Sasa anawatambia majirani: "Mke wa mwanangu katoka upande wa juu wa mto. Magari yenu yote yamevaa jina la kwao!" Leo kamfokea Shaobin, "Sugua hiyo namba ing'ae, mkweo ataiona!"

Basi jaza beseni, tunawe vumbi la safari. Kabla mwezi huu haujaisha, teksi yetu itapiga honi mlangoni kwako, na mama mkwe kiti cha mbele.

Binti yako,
Lanrong