Shazia Kwenye Tairi

Mbebe, Ileje
6 Mei 2024

Kaka Amoni,

Shikamoo. Wa huko Tunduma hamjambo? Sisi wazima, ila mama anasumbuliwa na goti. Mahindi yameshakauka, tunajiandaa kuvuna. Nakuandikia kwa mkono, usinicheke. Simu ya hapa ni ya mama, na unajua anavyoiweka sauti kubwa mpaka majirani wanaitikia salamu zako.

Kaka, kiti mwendo changu kitanitia wazimu. Mama Gwantwa amenipa cherehani ya mkono kwenye chumba chake cha kushonea pale sokoni, niwe nashona sare za shule siku ya gulio, Alhamisi. Sasa kila Alhamisi nikiamka, tairi chini. Tumeziba pancha mpaka tyubu imekuwa viraka vitupu. Mama anasema ni miiba. Mama Gwantwa naye amesema mwezi huu ukiisha bado nakosa, nafasi anampa Fortunata, mshonaji mwingine. Wewe unayeshinda na matairi ya malori, nisaidie. Hii kazi naitaka, kaka. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Mdogo wako,
Alinanuswe

Tunduma
14 Mei 2024

Mdogo wangu Alina,

Marahaba. Huku tupo, foleni ya malori haiishi na vumbi ndiyo mboga yetu. Mpe mama pole ya goti.

Hiyo miiba yenu ina kalenda? Inajuaje Alhamisi? Haya, dawa ipo. Nimevuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, nikapata mipira migumu ya kukaa ndani ya tairi badala ya tyubu. Haina upepo, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Dereva wa ile Noah ya abiria atakuletea pamoja na barua hii.

Vua tairi, toa tyubu, loweka mpira kwenye maji ya moto ulainike, kisha uingize ndani ya tairi. Paka maji ya sabuni. Anza kuvalisha kwenye rimu sehemu moja, hapo pafunge kwa kamba, la sivyo utashindilia huku pachomoke kule. Pale mwisho patagoma. Tumia mipini ya vijiko, bisibisi itachana tairi. Muite Shadrack jirani, yule ana mikono.

Kaka yako,
Amoni

Mbebe
26 Mei 2024

Kaka,

Shikamoo. Natumaini hujambo, sisi hatujambo.

Kazi imeisha. Jana mama alikwenda msibani, Shadrack akaja. Gurudumu la kwanza lilitutoa jasho: kila tukishindilia mwisho, mwanzo unachomoka. Kumbe tulijiona mafundi, kamba hatukufunga. Kijiko cha mama kimepinda, nimekificha. Kiti kimekuwa kizito kidogo, na kwenye mawe kinanitikisa mpaka meno, lakini tairi ukilibonyeza halibonyei. Kwa nje huwezi kujua lina nini ndani. Mama sijamwambia, nataka Alhamisi ashangae akiniona natoka.

Asante sana, kaka. Mungu akuzidishie.

Mdogo wako,
Alinanuswe

Mbebe
30 Mei 2024

Kaka,

Leo nisamehe, sina nguvu ya kusalimia.

Asubuhi nimekaa kwenye kiti, nikasukuma, nikasikia kitu kinakwaruza. Nikainama kuangalia. Ni shazia, kaka. Ile sindano ya kushonea magunia, imezama kwenye tairi la kulia. Inaonekana aliyeichoma alivuta na kuvuta, mpira ukaing'ang'ania. Kwenye tundu ina uzi mwekundu. Unajua nani humu ndani hufunga uzi mwekundu ili shazia isimpotee kwenye mahindi.

Mama alikuwa jikoni. Akaniletea uji, ameweka sukari nyingi ninavyopenda. Nikanywa. Nikaenda sokoni na shazia ikiwa humo humo, nikashona kutwa nzima bila kujua ninachoshona. Muda wote huu nimelaani miiba. Siamini, kaka. Nimeona kwa macho yangu na bado siamini.

Alinanuswe

Tunduma
3 Juni 2024

Mdogo wangu,

Pole. Nimesoma barua yako nikakaa juu ya tairi la lori mpaka bosi akaniuliza kama nimefiwa. Mama? Mama huyu aliyekubeba mgongoni kwenda shule mpaka ukamaliza darasa la saba? Nimetafuta mtu mwingine wa kumsingizia, nimemkosa.

Nina hasira, Alina, sijui niipeleke wapi. Kumfanyia mwanao hivyo ni unyama. Funga vitu vyako. Jumamosi yule dereva wa Noah atakuja kukuchukua. Huku kushona kupo mpaka uchoke mwenyewe.

Kaka yako,
Amoni

Mbebe
9 Juni 2024

Kaka Amoni,

Shikamoo. Mimi mzima, goti la mama lina nafuu. Noah nimeirudisha bila mtu, usikasirike.

Nilimuuliza. Shadrack aliichomoa shazia kwa koleo, nikaiweka mezani tulipomaliza kula. Nilidhani atakana. Akasema, “Amoni nilimfulia nguo, nikamsindikiza mpaka kwenye gari, nikampungia mkono. Alisema anakwenda miezi mitatu. Huu ni mwaka wa sita. Wewe nikasema sikusindikizi.” Alisema hivyo kama mtu anayesema chumvi imeisha. Nikamwambia, mama, mimi si Amoni. Akajibu, “Hata Amoni hakuwa hivyo kabla hajapanda gari.”

Sijamsamehe. Siku hizi kiti nalala nacho chumbani na mlango naufunga, halafu asubuhi nakunywa uji wake. Alhamisi nilikwenda kazini. Shadrack anasema mama alishinda kizingitini, hakula. Niliporudi jioni alinitazama kama ameona mzuka. Akaja akashika magurudumu kwa mikono yote miwili.

“Umerudi?”

“Nimerudi, mama.”

Kisha akanyoosha shingo, akachungulia nyuma yangu, barabarani. Akaendelea kuangalia. Anayemtafuta huko ni wewe, kaka. Jibu la hapo si langu.

Mdogo wako,
Alinanuswe