Earbuds za Kibandani

Baba Celestine,

Huku Karagita tuko salama. Mtoto wetu wa pekee ameota jino.

Ulinicheka eti nitanunua earbuds za kibandani. Wewe bingwa wa majina makubwa! Hizo zako za bei ya mbuzi, ukizitia masikioni, zinavuma besi tu, kila mwimbaji ni kama amefunikwa na sufuria. Mimi sikuangalia boksi. Nilimwambia Jeff, muuzaji, nijaribu kwanza, nikasikiliza ile voice note yako ya Jumapili: "Mama Celestine, niko kazini Olkaria, mashine za mvuke zinapiga kelele, siwezi kuja."

Jozi ya tatu ndiyo ilikuwa rahisi kuliko zote, na ndiyo ilikuwa safi. Mashine sikuzisikia hata kidogo. Nilisikia kijiko kikigonga sahani, halafu mwanamke akiita kwa upole, "Baba Shantel, ugali unapoa."

Nililipa papo hapo. Jeff akauliza kama sauti iko sawa. Nikamwambia sijawahi kusikia vizuri hivyo.

Basi endelea na kazi ngumu. Nisalimie hizo mashine. Nisalimie na Shantel.

Ni mimi,
Mama Celestine