Hesabu ya Ishirini

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zetu kutoka hapa nyumbani. Natumaini wewe, mkeo na watoto mmeamka wazima, na kwamba mgongo wako umetulia baada ya kubeba yale makabati. Sisi tupo. Mke wangu hajambo; amesimama nyuma yangu akisema mwandiko huu ni wa fundi, si wa binadamu. Mimi nimechoka, lakini hiyo kwako si habari mpya.

Nimekupigia simu wiki mbili hupokei, na sikulaumu. Hata ungepokea, maneno haya nisingeweza kuyamaliza kwa simu. Nilikuita mwizi ndani ya duka lako, mbele ya wateja wako. Jirani yako, yule fundi viatu, ameniambia kwamba dereva wa lori alirudisha beringi alizokuwa ameshanunua, na kwamba tangu siku ile watu wanaingia, wanageuzageuza spea, wanatoka mikono mitupu. Naandika nikueleze ilivyokuwa, halafu uamue kama bado una kaka.

Gari lilikuwa la yule ninayemwita Bwana Milango Miwili, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyengoja hadi nywele zimwishe ndipo akanunua gari la michezo, lile la milango miwili na mbio nyingi. Alilileta uani kwangu likiwa zito. Ukikanyaga mafuta linaguna tu, halikimbii. Injini yake ina turbo mbili, zile feni za kuisukumia hewa ili gari lipate nguvu, na kila turbo ina kopo lake, lile ambalo wenye vitabu wanaliita akchueta. Wewe unalijua, ila naandika yote ili hata mkeo akisoma aelewe. Ndani ya kopo kuna utando wa mpira. Ukivuta hewa kwenye kipaipu chake, fimbo ya chuma inapanda na kufunga mlango wa turbo, na inatakiwa ibaki pale juu. Ikishuka yenyewe, utando umetoboka.

Unakumbuka marehemu baba alivyotufundisha: vuta kwa mdomo, ziba kwa ulimi, hesabu ishirini. Pampu ya mkono alisema ni ya watu wanaoogopa kuchafua midomo. Nami nimepima hivyo miaka thelathini. Basi nililala chini ya gari asubuhi nzima, kiuno kikiniuma, nikavuta kopo la kwanza. Nilipofika saba, fimbo ikashuka. La pili, saba vilevile. Nikamwambia mwalimu makopo yote mawili yamekufa, nikaja kwako, ukanipa mapya na kunihakikishia kwamba umeyapima mwenyewe. Nyumbani nikayapima juu ya meza kabla ya kuyafunga. Saba. La pili, saba tena.

Yaliyofuata unayajua. Niliyabwaga kwenye kaunta, nikafoka kwamba unauza takataka ndani ya maboksi mapya, na kwamba hata baba angefufuka ungemuuzia ubovu. Ulinisihi tuingie chumba cha nyuma tuyapime pamoja, nikakataa katakata. Ukaanza kuokota makopo yako, moja moja. Kuyaokota kwako kule kunanisumbua kuliko kama ungenitukana.

Makopo yako ni mazima, mdogo wangu. Na yale ya zamani pia ni mazima. Kilichopasuka ni kipaipu kimoja nyuma ya injini, mahali ambapo mkono hauingii bila kuchubuka. Nimekibadilisha, nimerudisha makopo ya zamani, na mwalimu ameondoka na gari lake akichekacheka kama bwana harusi. Nilimwambia nilikosea kupima.

Ningeweza kuishia hapo, nawe ukanisamehe, maana fundi kukosea ni jambo la kila siku. Lakini sijasema lenyewe.

Siku ile nilipoyapima makopo yako mapya mezani, mke wangu alikuwa jikoni akiniangalia dirishani. Nilipomaliza kopo la mwisho alitoka, akaninyang'anya kipaipu, akakifuta kwa upindo wa gauni, akavuta. Fimbo ikapanda. Akahesabu kwa vidole hadi ishirini, akaendelea hadi sitini, na fimbo haikutikisika. Kisha akaniuliza tangu lini napumua kwa mdomo. Alisema kila nikifika saba midomo yangu inaachama kutafuta hewa, na mimi mwenyewe sijui. Hayo yalitokea kabla sijaja dukani. Nilipokuwa nikikuita mwizi, nilikuwa nimeshaiona fimbo ile ikisimama.

Na nilijua zaidi ya hapo. Miezi minne iliyopita nilipigwa picha ya kifua. Daktari alisema mapafu yangu yamejaa makovu ya rangi ya kupuliza na vumbi la breki, kwamba hayatarudi kuwa kama zamani, na kwamba kazi hii niiache. Picha niliificha nyuma ya kabati, nikamwambia mke wangu ni mafua yamekawia tu. Sasa kama makopo ni mazima, basi mbovu ni mimi. Niliogopa, mdogo wangu. Niliogopa vibaya sana, nikatafuta mtu wa kumtwisha, na wa karibu ulikuwa wewe. Nisamehe.

Mke wangu sasa anajua yote. Alilia, akanisema hadi nikatamani kurudi chini ya gari, na Jumatatu ananipeleka hospitali mwenyewe.

Lakini kabla ya hospitali kuna Jumamosi. Asubuhi, duka likiwa na watu, nitakuja. Nitasimama mbele ya kaunta niwaambie wote kwamba spea zako ni nzima na mwongo nilikuwa mimi. Siku ile nilifoka hadi walio ng'ambo ya barabara wakasikia. Sijui pumzi ile niliitoa wapi. Sasa nikisema maneno manne lazima nipumzike. Kwa hiyo nakuomba jambo moja tu: nikianza kusema, waambie wasogee karibu.

Msalimie sana mkeo, na watoto waambie baba yao mkubwa anawakumbuka. Shemeji yako anakusalimu, anasema usinijibu kwa barua, uje.

Ni mimi,
kaka yako.