Shujaa wa Kwenye Fulana

Kwale, Jumatano usiku, 1964

Babu yetu gani huyo? Leo mwalimu mkuu wetu mpya, mtu wa bara, ametugawia fulana za mpira zenye picha ya shujaa wa kale, mkuki mkononi na ngao ndefu. "Huyu ndiye babu yenu! Mpigieni makofi!"

Tukapiga. Lakini babu zetu walishika upinde. Ile ngao...

Nyumbani nikamwamkia bibi. Shikamoo yangu hakuiitikia, macho yake yalikuwa kwenye fulana.

"Wenye ngao hizo ndio waliokuja kuchukua ng'ombe wetu. Mama alinibeba mgongoni tukakimbilia msituni."

Kisha akaenda kuwafungia mbuzi zizini, na jua bado liko juu.

Nilimcheka. Ila kabla ya kuandika haya nimetoka kuangalia kama komeo la zizi limekaza.